Kumwandaa Mwalimu wa Shule za Jiji: Yaliyojaribiwa Chicago

Katika miji mikubwa ya Marekani, shule zinazopata taabu kubwa kuliko zote kupata walimu na kubaki nao ni zile za mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hilo limekaa kinyume, kwa kuwa huku mwalimu aliyepangiwa kijijini ndiye anayeandika barua za kuomba uhamisho mpaka akubaliwe kuja mjini, na kilio cha shule za Dar es Salaam ni madarasa kufurika, wala si kukimbiwa na walimu. Marekani kijana aliyetoka chuoni huanzia kazi katika shule ya jiji kwa sababu huko ndiko nafasi ziliko. Akishakomaa kwa miaka miwili mitatu, huhamia kitongoji cha nje ya jiji ambako madarasa ni madogo na wazazi wana uwezo. Nafasi yake huchukuliwa na kijana mwingine, na watoto wale wale hufundishwa mwaka hadi mwaka na watu ambao wao wenyewe bado wanajifunza kazi.

Kuna pia jambo la asili ya walimu. Kati ya walimu 10 wa shule za umma nchini humo, karibu 8 ni Wazungu, ilhali tangu mwaka 2014 watoto wa Kizungu wamekuwa chini ya nusu ya wanafunzi wote. Chicago, yenye wanafunzi zaidi ya 300,000 katika shule za umma, ina watoto wa Kilatino karibu nusu na Weusi wapatao theluthi moja, lakini karibu nusu ya walimu wake ni Wazungu. Wengi wao hawakukulia mitaa wanayofundisha, na baadhi hawakuwahi kuikanyaga kabla ya siku ya kuripoti kazini. Vyuo vya ualimu, mamlaka za jiji na hata vikundi vya wazazi vimehangaika kwa zaidi ya karne moja kutafuta namna ya kuwaandaa watu hao, na Chicago ni mahali pazuri pa kuzitazama juhudi hizo kwa kuwa nyingi zimepita hapo.

Mwanzo wa juhudi hizo ni karne ya 19. Mwaka 1883 Francis Parker alichukua uongozi wa chuo cha ualimu cha Cook County, kilichokuwa Englewood, upande wa kusini wa Chicago. Chuo hicho kilikuwa na shule ya mazoezi ndani yake, na walimu tarajali walifundisha watoto halisi huku wakufunzi wakiwatazama. Mwanamke aliyeufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa kazi ya maisha yake ni Ella Flagg Young. Alianza kuongoza shule ya mazoezi akiwa msichana wa miaka ishirini hivi, akawa mkuu wa chuo cha ualimu cha jiji mwaka 1905, na mwaka 1909 akateuliwa kusimamia shule zote za Chicago, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika jiji kubwa la Marekani. Wakati huo zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Chicago walikuwa wamezaliwa nje ya nchi: Poland, Italia, Ujerumani, Bohemia. Mwalimu aliingia darasani akakuta watoto hamsini wanaozungumza lugha nne. Young alishikilia kwamba mwalimu anayepewa amri tu kutoka ofisini hawezi kuwafundisha watoto hao kufikiri, kwa hiyo aliunda mabaraza ambamo walimu wenyewe walijadili mitaala na mbinu za kazi.

Mpango huo haukudumu dhidi ya kilichofuata. Kati ya mwaka 1910 na 1960 idadi ya Weusi wa Chicago ilipanda kutoka 44,000 hivi hadi zaidi ya 800,000, wengi wakikimbia umaskini na ubaguzi wa majimbo ya kusini. Walibanwa katika mitaa michache, na shule za mitaa hiyo zikajaa hadi watoto wakawa wanasoma kwa zamu, asubuhi kundi moja na mchana jingine, kama inavyotokea katika shule nyingi za Dar es Salaam. Badala ya kuwapeleka watoto kwenye shule za Wazungu zilizokuwa na nafasi, uongozi wa wakati huo ulipanga vyumba vya mabati viwanjani. Tarehe 22 Oktoba 1963 zaidi ya wanafunzi 200,000 waligoma kwenda shule. Katika shule hizo za Weusi walijaa walimu wa muda wasio na ajira ya kudumu. Wengine wao walikuwa Weusi waliosoma vizuri, walioangushwa katika mtihani wa mahojiano ambao, kwa malalamiko yao, ulipima lafudhi kuliko ualimu. Jiji lilikuwa likilalamikia uhaba wa walimu huku likiwazuia mlangoni watu waliokuwa tayari kufundisha.

Mwaka huo huo wa 1963, katika shule ya sekondari ya Cardozo mjini Washington, jaribio dogo lilianza. Vijana waliorejea kutoka kazi za kujitolea katika nchi za Afrika, Asia na Amerika Kusini walipewa vipindi vichache vya kufundisha kwa siku, wakiongozwa na mwalimu mzoefu, na masomo ya ualimu wakayasomea hapo hapo shuleni badala ya chuoni. Walitakiwa pia kutumia jioni zao mtaani, na kutunga vifaa vya kufundishia vinavyowafaa wanafunzi wao. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ililipenda wazo hilo, na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 ikaunda kikosi cha kitaifa cha walimu kwa ajili ya maeneo maskini ya mijini na vijijini. Kikosi hicho kilifutwa mwaka 1981, fedha za serikali kuu zilipopunguzwa. Mengi yanayotangazwa leo kama uvumbuzi katika kuandaa walimu wa mijini yalikuwa tayari yamefanyika Cardozo.

Pengo lililobaki lilizibwa kwa njia ya mkato. Mwaka 1989 Wendy Kopp, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliandika tasnifu akipendekeza wahitimu bora wa vyuo vikuu wajitolee miaka miwili kufundisha shule maskini. Mwaka 1990 shirika lake, Teach For America, lilipeleka madarasani kundi la kwanza la vijana karibu 500. Mafunzo yao yalikuwa ya wiki chache za kiangazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wanafunzi wao walifanya vizuri kidogo katika hisabati kuliko wanafunzi wa walimu wengine wa shule hizo hizo, na katika kusoma hapakuwa na tofauti. Kwa watetezi hilo lilikuwa ushindi. Lakini walimu waliolinganishwa nao, wengi walikuwa na maandalizi hafifu vilevile, na sehemu kubwa ya vijana hao huondoka katika shule walizopangiwa ndani ya miaka michache. Shule ya jiji inayobadilisha walimu kila baada ya miaka miwili hairithishi chochote: hakuna anayemjua kaka wa mwanafunzi, hakuna anayekumbuka ni mzazi gani hupokea simu na yupi hufanya kazi usiku.

Jibu jingine lilianzia Chicago yenyewe mwaka 2001, na Boston na Denver zikafuata mwaka 2003 na 2004. Wazo lilichukuliwa kutoka hospitali. Daktari aliyehitimu hapewi wodi peke yake. Hukaa chini ya daktari bingwa, akitibu wagonjwa halisi chini ya macho yake. Vivyo hivyo mwalimu tarajali hukaa mwaka mzima wa masomo katika darasa la mwalimu mlezi. Siku nne za wiki yuko shuleni, siku moja anasoma shahada ya uzamili chuoni, na hulipwa posho ya kujikimu. Kwa kurudisha fadhila huahidi kufundisha katika shule za jiji hilo kwa miaka kadhaa. Kwa mpango wa kwanza wa Chicago ilikuwa miaka minne.

Tofauti kati ya mwaka huo na mazoezi ya kawaida ya kufundisha ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya wiki nane au kumi hufika darasa likiwa limeshatulia. Sheria zimewekwa, vikundi vimepangwa, watoto wameshamzoea mwalimu wao. Haoni namna utulivu huo ulivyojengwa, kwa hiyo akipewa darasa lake mwenyewe hajui aanzie wapi. Mwanagenzi wa mwaka mzima huwapo siku ya kwanza. Humwona mlezi wake akisimama mlangoni na kumsalimu kila mtoto kwa jina, akiwafundisha watoto namna ya kugawa madaftari kana kwamba ni somo la hisabati, akirudia zoezi la kuingia darasani mara ya tatu bila kupandisha sauti. Humwona mwezi wa pili tangu shule kufunguliwa, watoto wanapoanza kumpima. Humwona Februari, theluji imejaa, mahudhurio yameshuka, na mwalimu mwenyewe amechoka.

Kazi hukabidhiwa kidogo kidogo. Mwanzoni mwanagenzi huongoza kikundi cha watoto watano wanaosoma, kisha dakika ishirini za somo, kisha kipindi kizima, na mwishoni wiki kadhaa ambazo mlezi humwachia darasa lote. Jioni huketi pamoja na kuchambua. Mlezi mzuri haulizi kama somo lilikwenda vizuri. Hutandaza madaftari mezani na kuuliza kwa nini watoto sita wamekosea swali lile lile la sehemu, na walikuwa wanafikiri nini walipokosea. Wengine hurekodi video ya somo na kuisimamisha penye sekunde kumi ambazo mwalimu aliuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Hapo ndipo ufundi wenyewe hujificha, na ndiyo sababu hauwezi kufundishwa kwa mihadhara.

Matokeo yamepimwa Boston, na ukweli wake una pande mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na John Papay na wenzake ulionyesha kuwa walimu waliopitia mpango huo walianza vibaya katika hisabati: wanafunzi wao walipata maendeleo madogo kuliko wanafunzi wa walimu wapya wengine. Lakini walimu hao walipanda haraka, na kufikia mwaka wa nne au wa tano waliwapita hata wakongwe. Kilichowasaidia kufika huko ni kwamba hawakuondoka. Asilimia 75 walikuwa bado wanafundisha katika jiji hilo mwaka wa tano, wakati kwa walimu wapya wengine ni asilimia 51. Mwenye kutafuta matokeo ya mwaka mmoja angeufuta mpango huo mapema.

Huko Chicago uanagenzi ulichanganywa na siasa. Shirika lililouanzisha lilipewa pia shule zenye matokeo duni ili lizigeuze, na kila ilipofanyika hivyo wafanyakazi wote waliokuwapo walitakiwa kuondoka au kuomba kazi upya. Wengi walioathirika walikuwa walimu Weusi wenye miaka mingi katika mitaa hiyo. Mwaka 2013 jiji lilifunga karibu shule 50 kwa mkupuo, nyingi zikiwa katika mitaa ya Weusi. Baada ya hapo watu wazima waliovaa vizibao vya rangi kali walipangwa barabarani asubuhi na jioni kuwasindikiza watoto waliolazimika kuvuka mipaka ya magenge ili wafike shule mpya. Mwalimu tarajali asiyejua habari hizo atamwona mtoto aliyechelewa kuwa mvivu, na mzazi mwenye hasira kuwa mkorofi.

Kujua habari za mtaa, basi, ni sehemu ya maandalizi, na hapa ndipo vyuo vingi huteleza. Kozi moja ya tamaduni mbalimbali, yenye insha mbili na mtihani, haimfanyi mtu aujue mtaa. Mafundisho bora zaidi kuhusu jambo hili yalitoka Tucson, Arizona, karibu na mpaka wa Mexico, ambako Luis Moll na wenzake waliwatuma walimu kutembelea nyumba za wanafunzi wao. Walimu hawakwenda kushtaki utoro wala kueleza matokeo ya mtihani. Walikwenda kuuliza: babu alifanya kazi gani, nani hutengeneza gari likiharibika, dawa za mitishamba mnazijuaje, mnauza nini na mnanunua wapi. Waligundua familia zinazoitwa maskini zikiwa na ujuzi wa ufugaji, ujenzi, uchimbaji madini na biashara ya kuvuka mpaka. Mwalimu mmoja aligundua kuwa mwanafunzi wake huuza pipi kutoka Mexico. Darasa likaandaa somo zima juu ya pipi: viungo vyake, bei yake, kemia yake, na mama wa mtaani akaja kuwafundisha namna ya kuzipika. Makala ya watafiti hao ya mwaka 1992 bado husomwa katika vyuo vya ualimu, ingawa wanaoisoma ni wengi kuliko wanaobisha hodi.

Chuo Kikuu cha Illinois State, kilicho katikati ya mashamba ya mahindi, saa mbili na zaidi kutoka Chicago kwa gari, kilichukua njia iliyo karibu na hiyo. Wanafunzi wake wengi wa ualimu hutoka miji midogo na vitongoji vya nje. Chuo kikawapeleka baadhi yao kukaa wiki kadhaa za kiangazi na familia wenyeji katika mitaa kama Little Village, mtaa wa Wamexico wenye lango kubwa la kukaribisha wageni katika barabara ya 26. Asubuhi hufanya kazi shuleni, mchana katika vikundi vya kijamii, usiku hula mezani na wenyeji. Jambo dogo kama kupanda basi moja na wanafunzi huondoa hofu ambayo mihadhara haiigusi.

Jiji lenyewe nalo hubadilika. Katika shule ya sekondari ya Sullivan, mtaa wa Rogers Park, wamekuwa wakisoma watoto wa wakimbizi kutoka pande nyingi za dunia, wakiwamo Wakongo wazungumzao Kiswahili, ambao wengi wao waliishi katika kambi za nchi jirani na Kongo kabla ya kupelekwa Marekani. Mwalimu asiyeandaliwa huona mtoto asiyejua Kiingereza. Aliyeandaliwa huona mtoto mwenye lugha tatu, anayewatafsiria wazazi wake hospitalini na benki, na hujua namna ya kuugeuza uwezo huo kuwa msingi wa masomo.

Gloria Ladson-Billings, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu walimu waliofaulu na watoto Weusi huko California, alionyesha kuwa walimu hao walikuwa Weusi na Wazungu, wakali na wapole. Kilichowaunganisha ni kudai kazi bora kutoka kwa kila mtoto na kuuheshimu utamaduni wake. Martin Haberman wa Milwaukee alikuwa mkali zaidi. Baada ya miaka mingi ya kuwahoji walimu wa shule maskini alifikia uamuzi kwamba kumchagua mtu anayefaa kuna uzito kuliko kumfundisha asiyefaa, na kwamba wanaodumu mara nyingi ni watu wazima wa miaka 30 hadi 50, wenye watoto, wanaolijua jiji, wala si vijana wa miaka 22 ambao vyuo huwafungulia milango.

Rangi ya mwalimu pia ina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za jimbo la Tennessee, uligundua kuwa mtoto Mweusi aliyefundishwa na angalau mwalimu mmoja Mweusi katika madarasa ya mwanzo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza sekondari, kwa asilimia 13, na wa kujiunga na chuo, kwa asilimia 19.

Mtaa wa Logan Square, Chicago, ulikuwa umeanza kutekeleza fikra ya Haberman bila kuingoja. Mwaka 1995 chama cha wakazi kilianza kuwaweka wazazi madarasani, saa mbili kila siku, wakiwasaidia walimu kwa malipo madogo. Wengi walikuwa akina mama wahamiaji kutoka Mexico na nchi nyingine za Kilatino. Baada ya miaka michache baadhi yao walitaka kuwa walimu kamili. Mwaka 2000 chama na Chuo Kikuu cha Chicago State vilifungua darasa la jioni hapo hapo mtaani, penye malezi ya watoto wakati mama anasoma, na mwaka 2004 jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kuueneza mpango huo chini ya jina la Grow Your Own.

Mpango ulipata misukosuko. Mama anayefanya kazi mchana na kusoma jioni huchukua miaka mingi kupata shahada. Mitihani ya leseni iliwaangusha baadhi yao, hasa waliosoma kwa lugha nyingine utotoni. Bajeti ya jimbo ilipunguzwa, ikarudishwa, ikapunguzwa tena. Lengo la walimu 1,000 kufikia mwaka 2016 halikufikiwa hata kwa karibu. Waliohitimu, hata hivyo, ni walimu ambao jiji halikuwa likiwapata kwa njia nyingine: wazungumzaji wa Kihispania, wakazi wa mtaa, watu wasio na sababu ya kuomba uhamisho kwa kuwa wako nyumbani.

Kikwazo cha njia zote zilizofaa ni fedha. Uanagenzi unahitaji posho ya mwanagenzi, nyongeza kwa mlezi na muda wa wote wawili kukaa na kuzungumza. Njia ya mkato huonekana rahisi kwa sababu gharama yake halisi, ya kuajiri na kufundisha upya kila baada ya miaka miwili, imeandikwa katika kifungu kingine cha bajeti, na sehemu yake kubwa hulipwa na watoto.

Mwaka 2021 Chicago ilianza mpango uitwao Teach Chicago Tomorrow. Mhitimu wa sekondari za jiji huanza katika vyuo vya miaka miwili vya jiji, humalizia shahada ya Chuo Kikuu cha Illinois State bila kuondoka Chicago, huku akiingia katika madarasa ya shule za umma tangu mapema, kisha huajiriwa na mamlaka ya shule iliyomsomesha.